Kipimo cha Shingo

Bi Fundi alikuwa na tabia moja: mambo ya wenzake aliyasema kwa kirefu, yake aliyasema kwa mafumbo. Kwa hiyo siku alipomwambia mkamwana wake, pini nne kazibana midomoni na gauni la mteja liko mapajani, kwamba "umri umenirudi nyuma, mwanangu, nimekuwa msichana tena," mkamwana hakucheka. Alisimama pale pale na sahani ya matunda mkononi.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu juzi juzi. Matone tu. Nipe mkasi."

Akapewa mkasi, na mazungumzo yakafungwa hapo.

Sasa mkamwana huyu si mtu wa kuambiwa habari ya matone halafu akalala usingizi. Alikuwa mfanyakazi wa maabara ya hospitali, chumba cha kirusi cha papiloma, kile kinachosababisha saratani ya shingo ya kizazi. Kutwa nzima alishika vichupa vya watu, ndiyo maana nyumbani walimwita Mama Chupa. Alijua fika kwamba mwanamke aliyeagana na hedhi miaka mingi akiona damu tena, hilo si la kusubiri. Alijua vilevile kwamba Bi Fundi hajawahi kupimwa, na hospitali huwa anakwenda kusindikiza tu.

Tatizo lilikuwa adabu. Yeye na mkwewe walikuwa marafiki kweli. Wangeweza kusema ndoa za majirani, kuharisha kwa watoto, hata mume anavyokoroma. Lakini kuanzia kitovuni kushuka mpaka magotini palikuwa na ukuta, na hakuna aliyewahi kuuruka. Mama Chupa alijaribu kumsukumia mumewe mzigo.

"Mwambie mama aende kwa daktari."

"Mwambie wewe."

"Ni mama yako."

"Ndiyo maana," alisema mume, akajifunika gazeti.

Basi kesho yake Mama Chupa akatafuta njia ya kuzunguka mbuyu. Hospitali ilikuwa inagawa brashi za kujipimia: mwanamke anakwenda faragha, anajipangusa mwenyewe, anatia brashi kwenye chupa, chupa inakwenda maabara. Akabeba mfuko mzima mpaka kwenye karakana ya ushonaji aliyoiongoza mkwewe, ili wapewe mafundi wote na Bi Fundi asijione amelengwa. Wazo zuri, wala simlaumu. Ila alipofika mlangoni, mpiga pasi, mwanamume mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa amesimama katikati ya chumba akinyunyizia suruali maji, na mafundi wote wamenyamaza wanamwangalia mgeni. Maneno yakamwishia.

"Hiki ni kipimo cha shingo," alisema, uso umemwiva. "Mtu anajipima mwenyewe. Unapangusa taratibu, unazungusha brashi, unaitia kwenye chupa, basi. Mengine yameandikwa humo, na picha ipo."

Akaweka mfuko mezani, akatoka kama mwizi.

Chupa zilirudi haraka kuliko alivyotegemea, zimefungwa vizuri, safi. Bi Fundi hana uzembe, akisema kitu kifanyike karakana nzima inafanya. Mama Chupa akazipanga kwenye mashine, na hapa lazima nieleze kidogo, bila hivyo hatutaelewana mbele. Kirusi hiki kina ndugu wengi, na wataalamu wamewapa namba kama wachezaji wa mpira. Wengi wao ni wapita njia, wanaingia mwilini na mwili unawafukuza wenyewe. Wakorofi ni wachache, na namba kumi na sita na kumi na nane ndio wakorofi kupita wote: wakikaa miaka bila kuguswa, wanaweza kuzaa saratani. Mashine ile inawataja hao wawili kwa namba zao. Wakorofi waliobaki inawatia kapu moja na kuwaita "nyinginezo." Na kabla haijasema hasi, inajiuliza kwanza kama kwenye chupa zimo chembe za binadamu, isije ikawa mtu kaleta brashi kavu. Ikiziona, inaridhika. Haiulizi zimetoka sehemu gani ya binadamu huyo.

Majibu yakatoka. Hasi. Hasi. Hasi. Chupa ya Bi Fundi, ambayo Mama Chupa aliijua kwa sababu kibandiko alikibandika mwenyewe, nayo hasi. Moyo ulimruka kwa furaha. Mkuu wa maabara alipita, akachungulia, akasema, "Safi kabisa. Yatoe."

Angeyatoa. Mkono ulikuwa tayari kwenye kitufe. Furaha ile aliitaka, aliitaka sana, na hicho ndicho kilichomtia shaka. Kila kundi lililopita chumbani humo lilikuwa na mmoja au wawili au watatu wenye kirusi, maana hiki si kirusi cha watu wabaya, kinawapata watu wengi sana wakati fulani wa maisha yao. Leo karakana nzima, wake za watu, wajane, waliochumbiwa na wale wasiotaka kuulizwa, hata mmoja hana? Akaangalia ile alama ya chembe za binadamu. Ilikuwepo, lakini hafifu, imechelewa kutokea, na ilikuwa hivyo kwa chupa zote.

Akachukua vichupa vichache akaenda navyo chumba cha pili, kwa mwenzake ambaye maabara nzima ilimwita Darubini kwa vile jicho lake lilikuwa halitoki kwenye darubini hata akiitwa chai. Darubini alitandaza tone kwenye kioo, akaangalia, akarekebisha, akaangalia tena.

"Nani kakuletea kisigino?"

"Kisigino gani?"

"Hii ni ngozi ya nje, dada. Imekauka. Chembe za shingo ya kizazi zina kiini, zimejaa, zina maji yake. Hapa naona magamba matupu. Na hii nyekundu ni uzi."

"Labda mmoja amekosea."

Darubini akaweka cha pili, kisha cha tatu. "Huyu naye magamba, na amejipaka poda. Hawa watu wamepima nini?"

Mama Chupa alivuta kiti akakaa. "Kwa hiyo hasi hii ni ya uongo?"

"Ni ya kweli kabisa. Hapo walipopangusa kirusi hakipo. Ila sisi hatukuuliza hapo." Akainua jicho, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Kuna mtu unamwogopea?"

"Kuna mmoja anaona damu. Hedhi aliishaachana nayo."

"Basi huyo hata angeleta hasi iliyonyooka, damu hiyo ni ya daktari. Usimfiche nyuma ya brashi."

Hilo lilimchoma, maana ndicho hasa alichokuwa amefanya. Akamwomba Mkuu azuie majibu yale. Mkuu, ambaye alikuwa ameshajivunia kundi safi kwenye simu, alikubali shingo upande.

Jioni ile alipitia karakana kabla ya kwenda nyumbani. Hakuhitaji hata kuuliza. Bi Fundi alikuwa amesimama katikati ya vyerehani, futi imemning'inia, anamfundisha mteja mmoja aliyekuja kuchukua sare za watoto.

"Wala hakiumi, dada yangu. Unaanzia hapa chini ya sikio, unateremka hivi, unazungusha mpaka kooni, unarudi na upande wa pili. Wenye jasho wafute kwanza. Mikunjo, si ulisugua mpaka ukapaka mafuta?"

"Niliwaka moto," alijibu fundi wa sketi za mikunjo bila kuinua kichwa.

Mama Chupa alishika kizingiti. "Mama, nani kawaambia mpanguse hapo?"

"Wewe. Ulisema kipimo cha shingo. Mtu ana shingo ngapi?"

"Na picha je?"

"Picha tuliiona, tuliifurahia sana. Blauzi nzuri, mikono imetanuka huku na huku, shingo nyembamba ya kupanda. Ila mliichapa kichwa chini, tukaigeuza." Akamgeukia mteja. "Hospitali hawajui kuchora nguo. Hawakuweka hata kifungo."

Hebu itafute picha ya kizazi uitazame kwa jicho la fundi cherehani, kisha uniambie kama hujaona blauzi. Mama Chupa mwenyewe, aliyeiona picha ile miaka nenda miaka rudi, aliiona blauzi pale pale, na hakuweza kuacha kuiona tena. Akacheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya marobota ya vitambaa, mafundi nao wakacheka bila kujua wanacheka nini, mpiga pasi akacheka kuliko wote. Kisha machozi yakaja na hayakuwa ya kicheko. Akasema, "Tutaongea nyumbani, mama," akaondoka.

Nyumbani alisubiri chakula kiishe. Alijikaza.

"Mama, ile shingo niliyosema. Siyo hii. Ni ya chini."

"Chini ya shingo kuna kifua."

"Chini zaidi."

"Kiuno?" Bi Fundi alianza kumtazama kwa makini, jinsi anavyomtazama mteja asiyejua anataka mshono gani.

"Zaidi kidogo."

Mume alisimama na sahani yake. "Nadhani bomba la nje linavuja," alisema, akatoka.

Maji yalikuwa yamemfika Mama Chupa shingoni, shingo hii hii ya kawaida. Akavuta pumzi. Kazini neno hili alilisema mara nyingi kuliko neno "chai." Akalisema.

"Mama, brashi inaingia ukeni. Inakwenda mpaka mwisho, pale penye mlango anaopitia mtoto. Hapo ndipo panaitwa shingo ya kizazi. Hapo ndipo hamkupangusa, na kosa ni langu. Nilikuwa na aibu ya kulitaja."

Huko nje sahani ilianguka.

Bi Fundi hakucheka kama alivyotarajiwa. Mawazo yake yalikuwa yanapita karakana nzima, fundi mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akijisugua chini ya sikio kwa amri yake. "Mimi ndiye niliyewafundisha," alisema. "Hata yule msichana mpya alitaka kuuliza, nikamwambia afanye kama wenzake." Kisha akainua kichwa. "Na majibu yalikuwaje?"

"Hasi, mama, lakini..."

"Basi hasi ni hasi. Yaishe."

"Hiyo ni hasi ya shingo ya kuvalia mkufu."

"Nimesema yaishe. Siwezi kwenda kusimama mbele ya watoto wale nikasema nimewapaka ujinga. Mimi majibu yangu ninayo."

Huyu alikuwa tayari kufa na tai shingoni, na mkamwana aliliona hilo waziwazi, na hasira ikampanda. Hasira ile ndiyo iliyomfungua mdomo.

"Mama, mimi naogopa. Siku ile uliponiambia umekuwa msichana tena, nilipaswa kukushika mkono saa ile ile nikupeleke kwa daktari. Nikaleta brashi, nikakimbia kwa sababu ya mpiga pasi. Mpiga pasi! Nikikupoteza kwa ajili ya adabu, hiyo adabu nitaipeleka wapi? Nakupenda. Sitaki yaishe."

Bi Fundi alipangusa meza iliyokuwa safi. Akaipangusa tena.

"Unadhani pini zile nilizibana mdomoni kwa nini?" alisema hatimaye. "Gauni lenyewe lilikuwa limeshakwisha. Naogopa na mimi. Naogopa tangu tone la kwanza." Akakunja kitambaa cha meza. "Kesho tutoke mapema."

Kesho ilikuwa na mambo. Kwanza walipita karakana. Bi Fundi alimtuma mpiga pasi kwenda kununua sindano ambazo hazikuhitajika, naye akasema, "Nina mke na mabinti, mama, naelewa," akaenda polepole makusudi. Kisha Bi Fundi akapiga mkasi juu ya meza na kuwaambia mafundi wake yote, kwa jina lake halisi, na picha akaigeuza ikakaa ilivyochapwa. Nani angemcheka? Walicheka wote, na wa kwanza alikuwa fundi wa mikunjo, aliyetaka arudishiwe mafuta yake. Yule msichana mpya akasema, "Mimi nilijua," na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe aliambiwa akae kiti cha mbele. Brashi zikagawiwa upya.

Wao wawili wakaendelea mpaka hospitali. Daktari, mwanamke mwenye maneno machache, alimwona Bi Fundi siku ile ile, akachukua kipimo kwa mkono wake.

Mama Chupa aliendesha mashine mwenyewe. Safari hii alama ya chembe za binadamu ilikuja mapema, imenyooka, na majibu ya karakana yalifanana na ya watu: wengi hasi, wawili "nyinginezo," hao wakaandikiwa siku ya kurudi kuangaliwa. Na chupa moja namba kumi na sita. Kibandiko hakuhitaji kukisoma mara mbili, lakini alikisoma. Akairudia chupa ile kutoka mwanzo, maana kazi yake ni kutoamini haraka. Kumi na sita. Darubini alimletea maji, akamwachia kiti chake, heshima ambayo hakuwahi kumpa mtu.

Alimwambia mkwewe jioni ile ile, bila fumbo hata moja. "Ni kumi na sita, mama. Ni mkorofi. Lakini kumwona mkorofi si sawa na kuwa na saratani. Sasa daktari ataangalia amefanya nini huko."

Daktari aliangalia kwa lenzi yenye taa. Akapaka siki, na sehemu moja ndogo ikageuka nyeupe. Akanyofoa kipande, Darubini akakisoma, na mtaalamu mwingine akakisoma pembeni bila kuambiwa mwenzake kaona nini, ndivyo wanavyofanya ili jicho moja lisidanganye. Wote wawili wakasema neno moja: chembe zimebadilika vibaya, lakini hazijavuka kuingia ndani. Wamewahi. Siku ya kuondolewa chembe hizo, Bi Fundi alilala kitandani akaeleza watu wote chumbani jinsi ya kupunguza nguo iliyoungua pasi bila kuharibu mshono, na daktari akafanya kazi yake kwa waya mwembamba wa moto, akatoa sehemu ile.

"Pembeni pakoje?" aliuliza Bi Fundi.

"Tutangoja maabara."

Maabara ikasema pembeni pako safi, hakuna kilichobaki. Damu ikakoma. Mume, alipoambiwa, alimkumbatia mama yake akalia kama mtoto, kisha akamkumbatia mkewe, kisha akaenda kweli kutengeneza bomba.

Miezi kadhaa baadaye walirudi kwa ajili ya kuangaliwa tena. Daktari alisema pamepona vizuri, kirusi hakionekani, arudi mwakani. Walitoka wakakaa kwenye benchi la ukumbini kupumua kidogo, kati ya wanawake waliokuwa wakingoja kuitwa. Bi Fundi alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Alimsifu daktari, akamsifu mhudumu, akaisifu rangi ya mapazia. Halafu akageuka.

"Na wewe, mwanangu, majibu yako yalikuwaje?"

"Majibu yapi, mama?"

"Yako. Ya kipimo."

Mama Chupa alikuwa ameshika chupa za mji mzima. Alijua namba zote, alijua mashine inakosea wapi, alijua magamba ya ngozi kwa kuyatazama. Akatafuta siku ambayo chupa moja, hata moja tu, ilikuwa ya kwake.

"Kazi zilikuwa nyingi," alisema.

"Hujapima."

"Wiki ijayo nitapima."

Bi Fundi hakukasirika. Kisha akanyanyuka, akaenda mpaka kwenye dirisha la mhudumu, akaomba brashi moja na chupa yake, akarudi akaviweka mapajani mwa mkamwana.

"Unaingiza ukeni," alisema, kwa sauti ile ile anayomwambia mteja asimame wima apimwe bega. "Mpaka mwisho. Unazungusha. Faragha iko pale."

Wanawake waliokuwa kwenye benchi waliacha kuongea. Mama Chupa alishika brashi ile nyepesi, ambayo alikuwa amewapa wengine bila hesabu, akaigeuza mara mbili, na chupa ikagonga pete yake. Hakujua kama ingekuwa hivi. Hakuna kibandiko kilichowahi kumwambia.

"Mama, naogopa."

"Najua," alisema Bi Fundi, akampokea mkoba. "Nenda. Nipo hapa."

Akaenda, akafunga mlango. Bi Fundi alikaa na mikoba miwili mapajani, na mwanamke wa pembeni alipotaka kusogea kwenye nafasi iliyobaki wazi, alimwambia kwa upole kwamba pale pana mtu, anakuja sasa hivi.